Honi kubwa kwenye lori kuukuu la jeshi: Hewa yake hutoka wapi?

KATIKA barabara za vumbi za Kanyangi, kusini-magharibi mwa Kitui, upande unaoelekea Mto Athi na Makueni, lori kubwa husikika kabla ya kuonekana. Hutangulia mngurumo wa injini, likafuata wingu la vumbi, na mwisho wa yote honi. Punda waliobebeshwa mitungi ya maji husukumwa kando, watoto wanaotoka shuleni huingia majanini, na mwendeshaji bodaboda hugeuza shingo kupima kama ana nafasi ya kupita.

Kwa dereva wa lori, honi katika mazingira kama hayo si pambo. Barabara ni nyembamba, haina njia ya waendao kwa miguu, na kona nyingi zimefichwa na vichaka. Ndiyo maana mmiliki wa lori kuukuu lililowahi kutumiwa na jeshi huona haja ya kubadilisha honi mapema, wakati mwingine hata kabla ya kulipaka rangi mpya. Honi aliyoikuta ni ndogo, sauti yake ni kavu, na pengine imezibwa na kutu ya miaka mingi. Huenda kwa fundi wa jua kali na kuomba afungiwe honi ya upepo yenye tarumbeta mbili au tatu, itakayosikika ng'ambo ya bonde.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi. Lori tayari lina kompresa na tangi la hewa. Fundi hutoboa au hufungua tundu la ziada kwenye tangi, huunganisha paipu, hufunga tarumbeta kwenye chasisi, na kabla ya adhuhuri kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba hewa iliyo katika tangi hilo haikuwekwa kwa ajili ya honi. Iliwekwa kwa ajili ya breki.

Yafaa kueleza kwanza malori haya hufikaje mikononi mwa raia. Desturi ya kutumia magari yaliyobaki vitani si ngeni Afrika Mashariki. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilivyomalizika mwaka wa 1945, malori ya kijeshi yaliyokuwa hayahitajiki tena yaliuzwa katika nchi nyingi. Wakamba wengi walikuwa wamehudumu katika King's African Rifles na katika vikosi vya uchukuzi, na miongoni mwa waliorudi makwao walikuwamo watu waliojifunza udereva na ufundi wa magari jeshini. Katika Tanganyika, mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka wa 1947, ambao Kongwa ilikuwa kituo chake mashuhuri, ulitegemea kwa kiasi kikubwa mitambo iliyobaki vitani. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ngumu iliyaharibu mengi ya matrekta hayo, na mradi ukaachwa mwaka wa 1951. Chombo kilichoundwa kwa kazi moja hakikubali kazi nyingine bila kudai gharama yake.

Siku hizi mlango ni mwembamba zaidi. Kiwango cha ubora cha Kenya KS 1515 cha mwaka wa 2000 kwa kawaida hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, na gari lenye usukani wa kushoto halisajiliwi ila kwa matumizi maalumu. Kwa hivyo lori la Marekani la aina ya M35, ambalo lilianza kuundwa mwaka wa 1950 na ambalo wapenzi wa magari ya kale wa huko hulinunua kwenye minada ya serikali, si rahisi kulikuta likibeba mchanga Ukambani. Yanayoweza kupatikana ni malori yaliyokuwamo nchini tangu zamani, ama yale ambayo serikali yenyewe imeyaondoa kazini na kuyauza chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka wa 2015. Hata hivyo, M35 ndiyo mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu udhaifu wake unajulikana sana na hushirikiwa na malori mengi ya rika lake.

M35 haina breki za hewa tupu. Dereva akikanyaga, nguvu hupita katika mafuta ya breki, na hewa iliyoshindiliwa huja kumsaidia mguu kusukuma mafuta hayo. Hewa ikiisha, kanyagio huwa gumu kama jiwe, na mwanamume mwenye misuli hujikuta akilisimamia kwa miguu miwili ilhali lori linaendelea kuteremka. Isitoshe, matoleo ya awali yalikuwa na mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote, hivyo uvujaji wa mahali pamoja waweza kuondoa breki zote kwa mpigo.

Malori ya baadaye yenye breki kamili za hewa huwa na springi zinazojifunga zenyewe hewa inapopungua kupita kiasi. Huo ni ulinzi, lakini si ulinzi wa raha. Springi zikijifunga ghafla lori likiwa na mzigo kwenye mteremko wenye kokoto, magurudumu ya nyuma huganda na gari huanza kuserereka. Kwa ufupi, iwe lori ni la aina hii au ile, dereva hataki hewa imwishie njiani.

Sasa turudi kwenye honi. Honi ya upepo haina siri kubwa. Ndani yake mna kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma, kinachoziba mdomo wa tarumbeta. Hewa yenye nguvu hukisukuma kiwambo kikafunguka, hewa ikatoroka, kiwambo kikarudi, na mchezo huo hurudiwa mamia ya mara kwa sekunde. Mtetemo huo ndio sauti. Tarumbeta ndefu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba, na zikipangwa tatu za urefu tofauti huzaa ule mlio wa mseto unaofanana na wa garimoshi.

Kila mlio, basi, ni hewa inayotupwa nje. Tuseme lori lina tangi la lita 40 lililojaa hadi presha ya paundi 120 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho geji nyingi za malori ya zamani hukitumia. Tuseme pia kwamba honi ya tarumbeta tatu hula lita 10 za hewa ya kawaida kwa sekunde. Hesabu yake ni kwamba kila sekunde ya mlio hushusha presha kwa karibu paundi 4. Sekunde 16 za honi, yaani milio minane ya sekunde mbilimbili, zatosha kuishusha hadi paundi 60, pale ambapo taa au kengele ya hatari ya malori mengi huanza kumwonya dereva. Kompresa hurudisha sehemu ya hewa hiyo, ni kweli, lakini kompresa kuukuu yenye ringi zilizolika hurudisha polepole.

Hebu mtu afikirie ni wapi dereva hupiga honi mara nane. Si kwenye tambarare iliyo wazi. Ni kwenye mteremko unaoelekea kivuko cha mto mkavu, ambako mbuzi wamejaa barabarani, mchungaji yuko mbali, na mguu wa dereva unakanyaga breki na kuachilia, kukanyaga na kuachilia. Honi na breki hudai hewa ileile katika dakika ileile. Kipimo cha hatari ya honi iliyofungwa ovyo kimo katika dakika hiyo, wala si siku ya kujaribiwa gereji ambapo lori limesimama na kila mtu anacheka kwa kufurahishwa na mlio.

Dawa yake inajulikana na si ghali ikilinganishwa na lori. Honi hupewa tangi lake dogo. Kati ya tangi la breki na tangi hilo hufungwa vali ya kulinda presha, ambayo haipitishi hewa mpaka tangi la breki liwe limefikia kiwango kilichowekwa, aghalabu kati ya paundi 65 na 85. Presha ya breki ikishuka chini ya hapo, vali hujifunga, honi hunyamaza, na hewa iliyobaki huwa ya breki peke yake. Huongezwa vali ya njia moja ili hewa ya honi isirudi nyuma. Fundi anayemwambia mteja kwamba vali hiyo ni mapambo ya Wazungu afaa kuachwa na gereji yake.

Wapo wamiliki wanaokwenda mbali zaidi na kufunga kompresa ndogo ya umeme kwa ajili ya honi pekee, isiyogusa kabisa mfumo wa breki. Njia hiyo ni salama kuliko zote, ingawa huleta mashaka yake ya umeme.

Na umeme wa magari ya kijeshi una hila yake. Malori mengi ya jeshi, hasa ya nchi za NATO, hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 mfululizo. Honi nyingi zinazouzwa katika maduka ya vipuri, kuanzia mjini Kitui hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, zimeundwa kwa magari madogo ya volti 12. Vali ya umeme ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24, koili yake huungua, pengine siku hiyo hiyo. Fundi mjanja hukwepa tatizo kwa kuchota umeme kutoka betri moja tu kati ya zile mbili. Honi hulia, mteja hulipa. Baada ya muda betri inayochotwa huwa haijazi kamwe, ilhali mwenzake hujazwa kupita kiasi hadi maji yake yakachemka, na zote mbili hufa kabla ya wakati. Mmiliki hulaumu betri. Alitakiwa kununua vali ya volti 24 tangu mwanzo, pamoja na fyuzi na rilei, ili swichi ya usukani isibebe mzigo wote wa umeme.

Au angeliacha umeme kabisa. Malori ya zamani yalikuwa na vali ya mkono iliyofunguliwa kwa kuvuta mnyororo au kamba juu ya kichwa cha dereva. Haina koili ya kuungua wala waya wa kukatwa na panya. Kwa lori linaloshinda vumbini, ufundi huo wa kizee bado una heshima yake.

Mahali pa kufunga tarumbeta pia pana maana. Madereva wengi hupenda juu ya paa la chumba cha dereva, kama kwenye malori ya masafa marefu. Lakini vyumba vya malori mengi ya jeshi huwa na paa la turubai, ambalo haliwezi kushika kitu. Hubaki upande wa chasisi, nyuma ya bampa au juu ya kifuniko cha gurudumu. Huko chini vumbi la Ukambani halina huruma. Tarumbeta ikielekezwa mbele moja kwa moja hujaa vumbi, na mvua za Novemba zinapoanza, vumbi hilo huwa tope linalokigandisha kiwambo. Huinamishwa kidogo kuelekea chini ili maji yatoke, na hufungwa mbali na matope yanayorushwa na magurudumu. Paipu nayo iwe fupi na pana, nusu inchi ikiwezekana, kwa maana paipu nyembamba hunyima honi pumzi na kuifanya itoe sauti ya mbuzi mgonjwa hata presha ikiwa kamili.

Hewa inaposhindiliwa huacha maji. Tangi lisilofunguliwa kizibo chake cha chini mara kwa mara hukusanya maji, maji huzaa kutu, na chembe za kutu husafiri hadi kwenye kiwambo cha honi na kwenye vali za breki. Kumwaga maji hayo kila jioni ni kazi ya dakika moja ya utingo.

Ipo tena paa ile ya turubai. Dereva wa lori la kisasa huketi ndani ya chumba kilichofungwa kwa vioo na kuzuiwa kelele. Dereva wa lori kuukuu la jeshi huketi karibu nje. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na muda huo hupunguzwa kwa nusu kila kelele inapoongezeka kwa desibeli 3. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku, na desibeli 112 haifiki hata dakika moja. Dereva na utingo wake ndio wa kwanza kuathiriwa na honi waliyoinunua, na sikio lililokufa halitibiki kwa dawa.

Je, honi iwe na nguvu kiasi gani? Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 28, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, hutaka honi ya gari ipimwe umbali wa mita 7, isipungue desibeli 93 wala kuzidi 112. Sauti hupoteza takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu katika uwanja wazi. Honi iliyo kwenye upeo huo wa juu, kwa hivyo, bado hufika na desibeli 88 mita 112 mbele, zikiwa nyingi vya kutosha kumshtua mtu aliye na mawazo yake. Lori linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji zaidi ya sekunde 7 kuumaliza umbali wa mita 100. Mtoto aliyesikia ana muda wa kutoka barabarani. Hakuna haja ya zaidi.

Lakini wanaotaka zaidi wapo, na soko linawauzia honi za garimoshi. Nchini Marekani sheria hutaka honi ya kichwa cha treni itoe kati ya desibeli 96 na 110 umbali wa futi 100, yaani mita 30 hivi. Nguvu hiyo imekusudiwa chombo kisichoweza kusimama kwa haraka wala kukwepa. Upande wa Makueni, kando ya reli ya zamani inayopita Sultan Hamud, Emali na Makindu, watu wamezoea tangu utotoni kwamba mlio huo maana yake ni treni. Lori linalolia hivyo karibu na njia inayokata reli huwafundisha watu kuupuuza.

Sheria za Kenya nazo zina la kusema. Kila gari hutakiwa kuwa na honi inayoweza kutoa onyo la kutosha, nacho king'ora kimetengewa magari ya dharura. Kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kupiga honi isipokuwa pale inapobidi kuzuia ajali au tukio la hatari. Kanuni hizo hizo zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nje ya makazi ya watu. Lori linalopita Kanyangi saa tisa za usiku likisalimia kila duka kwa tarumbeta tatu halijazuia ajali yoyote. Limeamsha wagonjwa na watoto wachanga.

Lipo na suala la tabia ya dereva mwenyewe, ambalo halionekani kwenye geji. Anayeamini honi yake humwondoa kila mtu njiani huanza kuitumia badala ya breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva huchukua takriban mita 20 kabla mguu haujagusa kanyagio, na mita nyingine zaidi ya 20 kusimama, ikiwa breki ni nzima na barabara inashika vizuri kiasi. Lori kuukuu lenye mzigo kwenye kokoto huhitaji zaidi ya hapo. Punda naye hana desturi ya kutii. Akishtuliwa kwa mlio mkali aghalabu husimama wima palepale alipo, mitungi minne mgongoni, katikati ya barabara, na mtoto anayemchunga humkimbilia kumvuta. Dereva aliyekuwa amepunguza mwendo mapema hupita salama. Aliyetegemea honi hubaki na mita chache na tangi lililopungua.

Mmiliki anayelichukua lori lake kutoka gereji aweza kulikagua mwenyewe bila chombo chochote. Aache injini ijaze hewa hadi paundi 120, aizime, kisha apake povu la sabuni kwenye kila kiungo kipya na kutazama kama litatoa mapovu. Aache lori hivyo kwa nusu saa na kuangalia kama geji imeshuka. Halafu, injini ikiwa bado imezimwa, apige honi mfululizo mpaka ikome yenyewe. Wakati huo macho yake yawe kwenye geji ya breki. Mshale ukisimama kwenye kiwango cha vali, honi ikanyamaza na hewa ya breki ikabaki, kazi imefanywa sawasawa. Mshale ukiendelea kuteremka pamoja na mlio hadi taa ya hatari ikawaka, lori lirudishwe kwa fundi, nalo lisitiwe mzigo.